Faida milioni 10, droo ina laki sita na nusu

SWALI

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mchele hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Mpunga nanunua Igurusi na Ubaruku, nakoboa hukohuko, naleta mjini. Nauza dukani kwa rejareja na kwa gunia, na shule tatu za bweni huchukua kwangu kwa mali kauli. Shule hizo ni kama theluthi ya mauzo yangu.

Binti wa dada yangu anasoma uhasibu pale TIA. Wikiendi moja alikaa na madaftari yangu yote, kuanzia Juni mwaka jana hadi Mei mwaka huu, akaniandikia hivi: nimeuza kilo 40,000 kwa wastani wa shilingi 2,400, yaani 96,000,000. Kununua, kukoboa na kufikisha dukani ni wastani wa 1,850 kwa kilo, yaani 74,000,000. Pango 2,400,000. Kijana wa dukani 1,800,000. TRA na leseni 3,600,000. Riba ya mkopo 1,600,000. Umeme, ushuru, mifuko, mafuta ya gari na mengineyo 2,600,000. Akapiga mstari chini, akasema, "Mama, umepata faida ya milioni 10."

Nilicheka, halafu nikakasirika. Siku hiyo droo, benki na simu vyote kwa pamoja vilikuwa na shilingi 650,000. Juni mwaka jana nilianza msimu na 13,500,000 mkononi. Nikamwambia amekosea. Amerudia hesabu mara mbili, jibu ni lilelile. Sasa tunaangaliana vibaya, na mimi nimeanza kumtazama vibaya kijana wangu wa dukani, ambaye tangu nimchukue sijawahi kumkuta na kosa.

Mambo mengine ambayo huenda yakakusaidia kunijibu. Julai mwaka jana nilinunua kirikuu kilichotumika kwa 9,000,000, ili niache kukodi magari ya watu. Milioni 6 nilikopa kwenye taasisi ya mikopo, milioni 3 nikatoa kwenye biashara. Rejesho ni 460,000 kila mwezi, nimeshalipa kumi, zimebaki kumi. Nyumbani natoa 400,000 kwa mwezi, siongezi. Shule zinanidai mchele nami nazidai hela: ya kwanza 2,900,000 tangu Oktoba, ya pili 3,400,000, ya tatu 2,400,000. Mwaka jana wakati kama huu madeni yote yalikuwa 2,200,000. Stoo nina gunia 30 za kilo mia mia za mchele wa msimu uliopita. Nilizizuia Machi nikitegemea bei ipande zaidi, mara mpunga mpya ukaanza kushuka. Wenzangu wanauza mchele mpya kwa 1,900, mimi wa kwangu nimeushikilia kwa 2,500, kwa hiyo wateja wanapita tu.

Kinachoniuma ni kwamba huu ndio wakati wa kununua. Igurusi mpunga umejaa, kwa bei ya sasa kilo ya mchele mpya inanifikia dukani kwa kama 1,500. Nami sina hela. Nikipiga simu shuleni wananiambia wamefunga, nisubiri hadi Julai. Kuna bwana mmoja wa kausha damu amenijia mpaka dukani: ananipa milioni 5 leo, nirudishe 650,000 kila wiki kwa wiki kumi, dhamana ni kadi ya kirikuu. Hesabu yangu ni kwamba kwenye mchele napata 550 kwa kila kilo, kwa hiyo nitamlipa na kubaki na kitu. Nichukue? Na huyu binti amekosea wapi?

Ndaga fijo.

Mama Mchele, Mwanjelwa

JIBU

Marahaba mama. Binti hajakosea, kijana wako hajaiba, na hela ya kausha damu usiichukue. Sasa nikueleze.

Binti amekujibu swali moja: katika mwaka mzima, ulichouza kimezidi gharama zake kwa kiasi gani? Jibu ni milioni 10, na ni jibu zuri. Wewe unauliza swali jingine: hela iliyoingia mkononi na iliyotoka mkononi, ipi imeizidi mwenzake, na lini? Hilo ndilo watu wa biashara wanaliita mzunguko wa fedha, na wahasibu hulitengenezea taarifa yake ya peke yake. Muulize binti habari ya IAS 7, kanuni ya kimataifa ya kuandaa taarifa hiyo, atakuwa ameshaifundishwa au yuko njiani kufundishwa. Shule ikichukua gunia kumi leo, binti anaandika mauzo leo. Droo yako itaandika siku mhasibu wa shule atakapokulipa. Kati ya siku hizo mbili ndipo ulipopotelea.

Tuitafute basi hiyo hela. Ulianza na 13,500,000. Ongeza faida ya 10,000,000, unatakiwa kuwa na 23,500,000. Unazo 650,000. Tunatafuta 22,850,000.

Shule kwanza. Mwaka jana zilikuwa na hela yako 2,200,000, leo zina 8,700,000. Tofauti ni 6,500,000. Mchele huo umeshapikwa na kuliwa, faida yake binti ameihesabu, na mtaji wake uko kwenye ofisi za watu. Stoo kuna gunia 30, yaani kilo 3,000 kwa gharama ya 1,850: hiyo ni 5,550,000 imekaa kwenye viroba. Mwaka jana wakati kama huu hukutaja akiba ya mchele, nachukulia stoo ilikuwa tupu. Kirikuu kimekula 3,000,000 za mfukoni mwako. Rejesho kumi ulizolipa ni 4,600,000, na humo 1,600,000 ni riba ambayo binti ameshaitoa kwenye faida. Zilizobaki 3,000,000 ni kurudisha mkopo wenyewe, na kurudisha mkopo si gharama, kwa hiyo kwenye hesabu yake hazionekani kabisa, lakini mfukoni zimetoka. Nyumbani 400,000 mara 12 ni 4,800,000, nazo hazimo kwenye gharama zake, kwa sababu ni matumizi ya mwenye biashara. Jumlisha: 6,500,000 na 5,550,000 na 3,000,000 na 3,000,000 na 4,800,000. Inatoka 22,850,000, hakuna shilingi iliyokimbia. Mwombe radhi kijana, hata kama hujamwambia kitu. Watu wa dukani hujua wanapotazamwa vibaya.

Ninyi watu wa Mbarali na Mbeya mnaojua mifereji ya kumwagilia mpunga kule Usangu mtanielewa nikisema hivi: maji yapo, tena mengi, ila waliokaa juu yako wamefunga lango na zamu yako haijafika. Mpunga haungoji zamu.

Kwa hiyo nisingependa utoke hapa ukidhani biashara yako ni mbovu. Ni nzuri. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza ya mikopo, na biashara zilizokuja kufa mbele ya meza ile hazikuwa zote za hasara. Nyingi zilikuwa zinakua. Mtu anapata wateja wakubwa, anawapa mzigo kwa mali kauli, anaongeza gari, anaongeza stoo, na kila hatua ya kukua inataka hela leo kwa faida ya kesho kutwa. Wewe mwaka huu umefanya yote matatu kwa mpigo: umewakopesha shule zaidi, umeongeza stoo, na umenunua gari. Yoyote kati ya hayo peke yake ungeyamudu.

Nibaki kidogo kwenye shule, maana ndiko kwenye tatizo kubwa, na naona hulioni kwa sababu mhasibu wa shule anakuita mama na anakupa chai. Theluthi ya mauzo yako ni kama milioni 32 kwa mwaka. Ukiwa na 8,700,000 nje, maana yake kwa wastani shule inakulipa baada ya siku karibu 100. Ongeza mwezi mmoja ambao mchele unakaa stoo kabla ya kuupeleka. Mkulima wa Igurusi wewe unamlipa siku ileile, tena taslimu. Kwa hiyo shilingi unayoituma shuleni inarudi baada ya miezi zaidi ya minne: ndani ya mwaka haizunguki hata mara tatu. Shilingi hiyohiyo ukiizungusha dukani kwa mteja wa taslimu, inarudi baada ya mwezi, na kila ikirudi imebeba faida. Sasa niambie, shule hizo unaziuzia kwa bei ya juu kuliko dukani? Hukuniambia, na nina wasiwasi jibu ni hapana. Pengine hata unawapunguzia kwa sababu wanachukua mzigo mkubwa.

Deni la shule ya kwanza, lile la tangu Oktoba, tulitenganishe na mengine. Hizo 2,900,000 binti amezihesabu kwenye mauzo kana kwamba zitakuja. Zisipokuja, faida yako ya milioni 10 inashuka hadi 7,100,000. Hata kirikuu kinachakaa kila mwezi na uchakavu huo haujawekwa popote, ingawa huo hautoi hela mfukoni. Mwambie binti aongeze mistari hiyo miwili, ni kazi ya nusu saa.

Sasa bwana wa kausha damu. Hesabu yako ya 550 kwa kilo ni ya wastani wa mwaka jana, tuitumie hiyohiyo. Milioni 5 kwa gharama ya 1,850 inanunua kama kilo 2,700. Mara 550, unapata kama 1,486,000. Yeye anataka 1,500,000 juu ya hela yake. Umemfanyia kazi bure na kumwongezea cha juu, na hapo bado hatujagusa pango wala mafuta. Utaniambia kwamba sasa hivi unanunua kwa 1,500. Ni kweli, lakini sasa hivi sokoni mchele unauzwa 1,900, faida ni 400, si 550. Bei ya kukupa zaidi ya hapo huja mvua zikishakolea, Januari hadi Machi, na yeye anataka 650,000 ya kwanza baada ya siku saba. Ukitunza mchele ukisubiri bei, utamlipa na nini? Utaanza kuuza mchele mpya kwa bei ya kutupa ili ukamilishe wiki, au utakopa kwa mwingine umlipe huyu. Na kadi ya kirikuu iko kwake. Je, taasisi iliyokukopesha kununua kirikuu inajua kwamba kadi unataka kuiweka rehani mara ya pili? Soma mkataba wako kabla hujajibu hilo.

Hela unayo, iko stoo. Naomba usinune. Ulizuia gunia 30 Machi, ukakosea wakati, na bei uliyoikosa haitarudi kesho. Kinachotakiwa sasa ni kulinganisha na mchele mpya, siyo na ndoto ya 2,500. Uza kilo zote 3,000 kwa 2,000 taslimu. Bado uko juu ya gharama yako kwa 150, na unapata 6,000,000. Kwa bei ya sasa ya 1,500, kila gunia tatu za zamani zinanunua nne mpya. Na una silaha ambayo naona huitumii: mchele wa zamani ni mkavu, unavuta maji, unachambuka, sufuria inajaa. Mchele mpya una unyevu, unashikana. Mama lishe wa Kabwe na wa stendi wanajua sana tofauti hiyo, kwa sababu kilo moja ya wa zamani inawatolea sahani nyingi zaidi. Hao ndio wa kuwafuata, tena kwa gunia, tena asubuhi kabla hawajanunua kwingine. Shilingi 100 juu ya bei ya mchele mpya watakupa bila kugombana.

Lakini usiondoke stoo ukaenda moja kwa moja Igurusi na 6,000,000 zote. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa mara ya pili. Chukua daftari jipya, lisiwe la mauzo wala la madeni. Kila ukurasa uwe wiki moja, na uandike wiki nane zijazo, siyo zilizopita. Juu andika hela uliyonayo wiki inapoanza. Chini yake hela itakayoingia, kwa tarehe ambayo kweli itaingia, siyo tarehe uliyoahidiwa. Halafu hela itakayotoka. Mwisho kinachobaki, ambacho ndicho cha kuanzia wiki inayofuata. Ukikuta wiki moja ina baki la chini ya sifuri, umeiona shida ikiwa bado mbali, unaweza kuifanyia kitu.

Nikuanzishie Juni. Unayo 650,000. Gunia 30 zikiuzwa, 6,000,000. Jumla 6,650,000. Zinazotoka: pango 200,000, kijana 150,000, nyumbani 400,000, rejesho 460,000, mengineyo kama 217,000. Halafu kuna kitu ambacho kwenye barua umekitaja kwa jumla ya mwaka tu, bila tarehe zake: awamu ya kodi ya makadirio. Awamu ni Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31, na ya Juni inaangukia kwenye wiki hizohizo ambazo mpunga uko chini na kila mfanyabiashara wa mchele Mbeya amemaliza hela kwa mkulima. Kwa mauzo yako naiwekea 840,000. Wewe weka ile iliyo kwenye makadirio yako. Jumla ya kutoka ni 2,267,000. Zinabaki 4,383,000. Acha kama laki sita zisiguswe, maana tairi la kirikuu halitoi taarifa. Kwa hiyo fedha ya kununulia Juni ni kama 3,780,000, yaani gunia 25 za mchele mpya. Najua ulitaka zaidi. Hizo 25 uziuze dukani kwa taslimu, na kila zinapouzwa rudi Igurusi na hela yako mwenyewe, isiyodaiwa na mtu. Msimu haujafungwa Juni. Julai na Agosti mpunga bado upo.

Wapo watakaokushauri umlipe mkulima nusu, nusu baadaye, kwa kuwa wanakufahamu. Mimi sipendi. Mkulima wa Ubaruku ana ada za watoto na madeni ya mbolea yake, na anayeuza mapema kwa bei ya chini anauza kwa sababu amebanwa. Ukimbana zaidi, msimu ujao atampa mwingine, na atakuwa na haki.

Julai shule zinafunguliwa na wazazi wanaleta ada. Hapo ndipo hela huwa ipo, na kila anayedai shule huwa yuko mlangoni. Uwe wa kwanza. Usipige simu, nenda wiki ya kwanza ya kufungua, ukiwa na hati ya madai ya kila mzigo na karatasi ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na mtunza stoo wa shule. Kama hukuwa unasainisha, anza leo, kwa sababu kumbukumbu ya mtunza stoo haidumu akihamishwa. Shule ya pili na ya tatu, ambazo kwa pamoja unazidai 5,800,000, ziambie hivi kwa heshima: nusu sasa, nusu kwa tarehe mbili zilizoandikwa na kusainiwa na mkuu wa shule. Ukipata hiyo nusu, 2,900,000, bei ya mpunga itakuwa bado inakuruhusu kununua. Na mzigo mpya uwe na kikomo. Mimi ningeweka 1,500,000 kwa kila shule: ikifika hapo, gunia linalofuata linatoka kwa taslimu. Watakaokasirika watakuwa wamekuonyesha walikuwa wanategemea mtaji wako kuendesha jiko lao. Anayelipa ndani ya siku 30 mpunguzie kidogo, shilingi 30 au 40 kwa kilo. Ukilinganisha na kusubiri siku 100, hiyo punguzo inakulipa.

Shule ya kwanza usiipelekee hata debe moja hadi ianze kulipa. Najua hofu yako, kwamba ukikata mzigo deni litafia hapo. Uzoefu wangu ni kinyume: anayeendelea kupewa hana sababu ya kuharakisha. Waandikie barua ya madai, waombe wakiri deni kwa maandishi na wapange kulipa hata kwa awamu ndogo. Karatasi ya kukiri deni ndiyo itakayokusaidia ukilazimika kwenda mbele. Katika daftari la wiki nane, hela ya shule hii usiiandike popote. Ikija, ni zawadi.

Kama bado utahitaji kukopa msimu ujao, kopa kwa mkopo unaorudishwa mpunga unapogeuka kuwa hela, na anza kuutafuta Februari, si Juni. Uliza SACCOS yako kama wanakubali marejesho ya msimu. Pia kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni ya vikundi na ina taratibu zake, kwa hiyo haitakuokoa mwezi huu. Mkopo wa kirikuu ulio nao nao ni ghali, mama. Rejesho 20 za 460,000 ni 9,200,000 kwa milioni 6 ulizochukua. Waulize ukiumaliza mapema wanapunguza riba ya miezi iliyobaki au la. Wakisema hawapunguzi, usihangaike kuwahi.

Kuhusu matumizi ya nyumbani, 400,000 kila mwezi bila kuongeza ni nidhamu ambayo wengi hawana. Endelea hivyohivyo, ila kila mwezi uzitoe siku moja na uziandike, zisitoke kidogokidogo kwenye droo.

Kirikuu ndicho kinachonipa mashaka. Umekinunua ili usikodi magari, lakini hukuniambia ulikuwa unalipa kiasi gani kukodi. Kaa na binti mtafute kwenye madaftari ya miaka ya nyuma. Kama ilikuwa chini ya rejesho la 460,000 kwa mwezi ukijumlisha na mafuta ya kirikuu, gari linakula zaidi ya linachookoa, na siku ambazo haliendi Igurusi linatakiwa libebe mizigo ya wengine, Uyole, Mbalizi, popote, kwa hela ya siku hiyohiyo. Lipe muda hadi Septemba. Likiwa bado halijaweza kujilipia rejesho lake kwa kuokoa na kukodishwa, liuze wakati bado lina bei, lipa taasisi, kinachobaki kirudishe kwenye mpunga.